Diski Juu ya Mafiga

Mama yangu ana hadithi arobaini na moja. Nina uhakika na idadi hiyo kwa sababu nilizihesabu mara nyingi sana katika mwaka ule nilipodhani nimezipoteza.

Alizisimulia kwa Kimwera, jikoni kwake Nkowe, mimi nikiwa kwenye kigoda na simu juu ya goti. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi na muda nilikuwa nao. Kila baada ya wiki chache nilitoka kwangu Nachingwea, nikapanda basi hadi Ruangwa, kisha bodaboda hadi Nkowe, ambako Mama anaishi na mdogo wangu wa kiume na mke wake. Mama hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa akimenya mbaazi huku anasimulia, kwa hiyo katika rekodi nyingi unasikia maganda yakipasuka, kuku wakifukuzwa, na mara moja wifi yangu, huyo mke wa mdogo wangu, akipiga chafya kubwa katikati ya msiba wa simba.

Simu yangu ilikuwa ndogo na ilijaa upesi. Nikirudi nyumbani nilihamishia sauti kwenye kompyuta, nikafuta simuni, nikawa tayari kwa safari nyingine. Kompyuta yenyewe iko sebuleni, juu ya meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni za zamani. Binti yangu aliinunua imetumika huko Dar es Salaam anakofanya kazi, akanipakilia kwenye basi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa tiifu.

Halafu hadithi zikaanza kumtoka Mama. Kwanza alichanganya mbili, fisi wa hadithi moja akaingia harusini kwenye hadithi nyingine, tukacheka wote. Baadaye akawa anaishia katikati. Alinyamaza, akatazama mlangoni kana kwamba hadithi imetoka nje kidogo na itarudi, akauliza, "Imekwenda wapi?" Msimu wa korosho uliofuata hakuweza tena kumaliza hata moja. Kusikiliza, hata hivyo, alipenda sana. Nilizoea kumbebea mbili tatu kwenye simu, naye alimsikiliza yule mwanamke wa kwenye simu kwa makini, akacheka panapochekesha, kisha akamwambia wifi yangu, "Huyu mama anajua kusimulia. Ila hapo ameharakisha."

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nacho chini ya kile kitambaa cha kufuma. Picha za harusi zikipotea, waliohudhuria wengine watakuwa nazo. Barua ikipotea, utaandika nyingine. Hizi hazingeweza kurekodiwa tena.

Na ni kama kompyuta ilinisikia nikiwaza hivyo. Asubuhi moja niliiwasha haikuamka. Ilitoa mlio kama kuku anayekwaruza ndani ya debe.

Mume wangu aliinua macho kutoka kwenye chai yake. "Mwalimu," akasema, maana huniita hivyo akitaka kunichokoza, "hiyo inataka kutaga."

"Usinitanie leo."

"Sikutanii. Itafutie majani makavu."

Iliamka nilipojaribu mara ya tatu. Nilizihesabu hadithi. Arobaini na moja. Nikampigia binti yangu.

"Mama, hilo dogo," akasema. "Pakia mtandaoni. Ukishapakia umemaliza, hata nyumba iungue zenyewe zipo."

"Zipo wapi?"

"Kwenye wingu, Mama."

Mume wangu, aliyekuwa akisikia kila kitu kwa sababu binti yetu huongea kwa sauti ya watu wa mjini, akauliza kwa nguvu, "Wingu la Dar au la Nachingwea? Maana la kwetu hunyesha likijisikia."

"Baba naye!"

Nilijaribu. Na ngoja nieleze hapa, kwa sababu watu wengi huambiwa "pakia mtandaoni" kana kwamba ni kutupa jiwe. Intaneti ya kwangu hutoka kwenye simu, na simu hupata mtandao kwa kubahatisha. Kushusha kitu kutoka mtandaoni ni kama kuteka maji kisimani kwa ndoo. Kupakia ni kuyarudisha maji yaleyale kisimani kwa kijiko. Hadithi ya kwanza niliianza baada ya kifungua kinywa. Ilitembea, ikapumzika, ikatembea, na ilipokaribia kabisa mwisho mtandao ukakatika. Nilipojaribu tena ilianza mwanzo, haikuwa na kumbukumbu yoyote kwamba tumewahi kuonana.

Nilijifunza tabia zake. Alfajiri, baada ya sala, mji ukiwa bado kimya, mtandao ulikuwa na nguvu kidogo, na hadithi moja iliweza kupita kabla chai haijachemka mara ya pili. Mchana ilikuwa taabu. Na siku ya mnada wa korosho nilikuwa siwashi kabisa, kwa kuwa siku hiyo kila mtu wilayani yuko kwenye simu akiuliza bei imefika wapi. Wiki ya kwanza nilipakia hadithi mbili. Wiki ya pili, moja. Kompyuta iliendelea kukwaruza. Nikaona wazi kwamba yule kuku atataga kabla sijafika nusu.

Nikaenda kwa fundi. Ana kibanda karibu na soko la Nachingwea, mtu mzima aliyeanza na redio, akaja kwenye televisheni, akafika kwenye kompyuta bila kubadilisha meza. Nilimweleza kuhusu mlio. Alinisikiliza kwa heshima, jinsi unavyosikilizwa unapoeleza dalili za mgonjwa.

"Mwalimu, diski yako imezeeka. Sisemi itakufa leo. Sisemi itakufa kesho. Nasema usiipangie mambo ya Idi ijayo."

"Nifanyeje?"

"Una nakala ngapi?"

"Moja. Iko humo kwenye kompyuta."

"Basi huna nakala. Una kitu chenyewe tu." Akanyanyua kiboksi cheusi, chembamba, kidogo kuliko kitabu cha mazoezi. "Hii ni eksteno. Diski ya nje. Unaichomeka, unanakili, unaichomoa. Haihitaji bando wala mtandao. Chukua mbili."

"Kwa nini mbili? Unataka kuuza."

Akacheka. "Kuuza nataka. Lakini sikiliza, Mwalimu. Moja ikae kwako, uitumie. Nyingine isilale nyumba moja na kompyuta. Mwizi akija anabeba vyote vya mezani. Moto ukija hauchagui."

Maneno hayo niliyajua, ila sikuwahi kuyasikia kuhusu kompyuta. Nilipokuwa mdogo, Mama alichagua mahindi mazuri kila mavuno kwa ajili ya mbegu, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake, akayatundika jikoni juu ya moto. Lakini hakuyatundika yote. Sehemu aliipeleka kwa mdogo wake aliyeishi Nambambo, naye mama mdogo alituletea za kwake. Mwaka ambao panya walitumaliza, tulipanda mbegu zetu wenyewe zilizorudi kutoka Nambambo kwa baiskeli. Hakuna aliyeuita huo mpango. Ilikuwa adabu ya kawaida tu ya kuwa na ndugu.

Nikanunua mbili.

Kunakili hadithi zote kwenye eksteno ya kwanza kulichukua muda wa kupika kunde. Nilikaa nikitazama ule mstari wa kijani ukijaa, nikasikia aibu kidogo kwa alfajiri zote nilizozihangaikia. Ya pili vilevile. Mwisho wa siku mpango wangu ulikuwa hivi: kitu chenyewe kwenye kompyuta, nakala ya kwanza nyumbani, nakala ya pili Nkowe, na alfajiri nitaendelea kupakia mtandaoni polepole, nikianzia zile ambazo Mama anazipenda zaidi. Nilijiona nimemaliza. Nilimpigia hata binti yangu kumfundisha, naye akavumilia.

Eksteno ya Nkowe niliifunga ndani ya kipande cha khanga, nikaikabidhi kwa wifi yangu mikononi. Wifi ni mtu wa kuaminika. Ukimpa chumvi aitunze, utaikuta na punje zake zote.

"Wifi, humu mna hadithi zote za Mama. Naomba uiweke mahali mnapoweka vitu vyenu vya thamani."

"Ondoa shaka, wifi yangu. Hapataguswa na mtu."

Mama aliomba kuishika. Aliipima mkononi. "Ni nini?"

"Hadithi zako, Mama."

"Zote?"

"Zote."

"Mbona nyepesi?" Akanirudishia kwa mashaka, jinsi anavyorudisha korosho ambazo hazijajaa.

Miezi ikapita vizuri. Niliendelea na alfajiri zangu, nikafika hadithi tisa mtandaoni. Eksteno ya nyumbani niliichomeka kila jioni, nikaichomoa. Baada ya wiki chache nikaanza kuisahau imechomekwa. Baadaye sikuisahau tena, niliiacha. Kuinama nyuma ya meza kulinichosha mgongo, na ile taa yake ndogo ya bluu ilikuwa ikipendeza chini ya kitambaa.

Mvua zilipoanza, umeme ulikatika alasiri moja kama kawaida, tukakaa. Uliporudi ulirudi na nguvu isiyo yake. Taa ya barazani ilipasuka. Sebuleni palitokea mlio mfupi, halafu harufu ya plastiki iliyoungua ikatufikia jikoni. Nilikimbia nikavuta waya ukutani, lakini ilikuwa kama kumfungia mlango mgeni aliyekwisha ondoka. Taa ya bluu ilikuwa imezimika.

Asubuhi fundi aliiweka eksteno sikioni kama mtu anayesikiliza tikiti maji. Akaichomeka kwake. Kimya. Akafungua kompyuta, akatazama, akafunga.

"Zilikuwa zimeunganishwa umeme ulipokuja?"

"Ndiyo."

Hakunilaumu. Alifuta mikono yake taratibu sana. "Mwalimu, hizo hazikuwa mbili. Zilikuwa zimelala kitanda kimoja."

Nilirudi nyumbani nikakaa sebuleni nikitazama meza. Mume wangu alikuja akaketi karibu, na mara hiyo hakuniita Mwalimu.

"Ngapi ziko mtandaoni?"

"Tisa."

"Na nyingine?"

"Nkowe."

"Basi kesho uende Nkowe," akasema. "Kwani si ndiyo sababu ulizipeleka?"

Nilikwenda. Barabara ilikuwa na matope, na kutoka Ruangwa dereva wa bodaboda aliniomba nishuke mara mbili tuvuke kwa miguu. Sikujali. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani: kuna thelathini na mbili ambazo hazipo mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye kile kipande cha khanga.

Mama alikuwa kibarazani. Nilimwamkia, nikamwambia wifi yangu kilichonileta. Akasema, "Haina neno, ipo," akajifunga khanga vizuri kiunoni. Nilimfuata nikitegemea ataingia chumbani. Akaingia jikoni. Akachukua kigoda, akakiweka karibu na mafiga, akapanda, akanyoosha mkono juu.

Juu ya mafiga kuna uchaga, ile dari ya miti iliyosukwa. Uchaga huo naujua kuliko ninavyoijua sebule yangu. Moshi wa miaka umeifanya miti yake ing'ae kama imepakwa rangi nyeusi. Palikuwa na mahindi ya mbegu yamening'inia, kibuyu cha ufuta kilichozibwa kwa majivu, mfuko wa nailoni wenye vyeti vya shule vya watoto na karatasi za shamba. Katikati ya vitu hivyo wifi yangu alitoa kifurushi cheusi nisichokitambua. Khanga ilikuwa imepoteza maua yake yote.

"Wifi," nikasema, "uliiweka hapa?"

"Si uliniambia pa vitu vya thamani?" Alinishangaa kwa dhati. "Ndani mchwa wanakula hata mlango, wifi. Panya wanakula sabuni! Hapa hakuna mdudu anayethubutu. Kila siku napitisha moto chini yake, sijakosa hata siku moja."

Kila siku, asubuhi na jioni, kwa miezi.

Nilitaka kukasirika lakini nilishindwa. Cheti changu mwenyewe cha darasa la saba kilitunzwa kwenye uchaga huo, na nilipokwenda kwenye usaili wa chuo cha ualimu kilikuwa bado kinanuka moshi. Hapo ndipo tulipoweka thamani yetu siku zote, na hapakuwahi kutuangusha. Wifi alifanya nilichomwambia, na alikifanya kwa uaminifu kuliko mimi niliyeacha waya ukutani. Miaka yangu yote ya ualimu sikujifunza jambo hili dogo: nilimweleza kile kitu ni nini, sikumweleza kinaogopa nini.

Nilikitoa kwenye khanga. Kilikuwa na joto, kama kiazi kilichosahaulika majivuni, na masizi yaliingia hadi kwenye tundu la waya. Mama alikuwa amejikongoja hadi mlangoni akitutazama.

"Zimekauka?" akauliza.

Wifi yangu aliweka mkono mdomoni. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini, na katika kicheko hicho machozi mawili matatu yalipata njia ya kutoka bila kuniaibisha.

"Sijui, Mama. Nazipeleka zikaangaliwe."

"Usizipande kabla ya mvua kutulia," akasema, akarudi kibarazani kwake.

Fundi aliponiona na kile kitu cheusi alikipokea, akakigeuza, akakinusa. Halafu akauliza, "Hii ilikuwa wapi, Mwalimu?"

"Jikoni. Juu ya moto."

"Juu ya mafiga? Kwenye uchaga?" Akatabasamu. "Bibi yangu alitunza redio yake huko."

"Ikawaje?"

"Ilinuka vizuri."

Akaanza kazi. Alitumia mswaki na spiriti kidogo, akasafisha lile tundu taratibu, akafungua kasha lake akapuliza. Nilisimama mbele ya kibanda nikisoma tangazo lilelile la vocha mara ishirini. Alichomeka. Hakuna kitu. Alichomoa, akabadilisha waya, akachomeka tena. Taa ikamulika mara moja, ikazima. Akashika waya kwa vidole viwili, akausukuma kidogo upande, akaacha.

Taa ya bluu ikawaka ikabaki.

Majina yakajipanga kwenye kioo, yale niliyoyaandika mwenyewe, moja baada ya jingine. Kwanza alizinakili zote kwenye kompyuta yake, bila hata kuniuliza, kabla hatujagusa chochote kingine. Kisha akafungua mojamoja. Sauti ya mama yangu ilijaa kile kibanda cha pale sokoni, na mwanamke aliyekuwa akipita na beseni la samaki wakavu alisimama akasikiliza, akasema, "Huyo ni Mmwera wa Ruangwa kabisa," akaendelea na safari yake. Wifi yangu akapiga chafya katikati ya msiba wa simba.

Mbili zilikataa kufunguka. Moja nilikuwa nayo mtandaoni, miongoni mwa zile tisa za alfajiri, na ghafla nikazisamehe alfajiri zote. Nyingine sikuwa nayo mahali popote. Ilikuwa ile ya bibi aliyewaficha njiwa wake ndani ya ngoma.

"Arobaini kati ya arobaini na moja," fundi akasema kunifariji. "Mwalimu, mwanafunzi akikuletea hiyo utampa nini?"

"Nitamuuliza ile moja iko wapi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa na shimo dogo ndani yake.

Mpango wangu wa sasa nimeufikiria upya, na kama una kitu usichoweza kukipata tena, labda utakufaa. Binti yangu alinielekeza kwa simu jinsi ya kupunguza ukubwa wa mafaili ya sauti. Sauti ya mtu anayesimulia jikoni haihitaji faili kubwa kama la kwaya, na sikio la kawaida halioni tofauti. Baada ya kuzipunguza, zile nilizohangaika nazo kwa miezi zilipita mtandaoni katika alfajiri chache tu, zote. Laiti ningeanza na hilo. Fundi aliifufua kompyuta, akaitia diski mpya, na hadithi zimo tena. Nyumbani nina eksteno mpya, hukaa ndani ya bati la biskuti kabatini, na haichomekwi ila ninapoitumia. Nikimaliza mume wangu huuliza, "Kuku amerudi bandani?" nami siketi mpaka nijibu ndiyo. Nyingine iko Nkowe, kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya sanduku la nguo la wifi, mbali na moshi na mchwa. Kila nikienda nabeba moja na kurudi na nyingine, jinsi Mama na mdogo wake walivyobadilishana mbegu. Kabla ya kuifunga naifungua na kusikiliza hadithi moja au mbili, kwa sababu nakala ambayo hukuijaribu bado ni matumaini tu.

Na kwa Mama nilinunua redio ndogo inayosoma flashi, nikaijaza hadithi. Hiyo sikuihesabu kama nakala, lakini ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ikiharibika nitaambiwa siku hiyohiyo.

Imebaki ile ya njiwa.

Safari iliyofuata nilimuuliza Mama kuhusu bibi mwenye ngoma. Alitazama mlangoni. "Imekwenda wapi?" akasema, nami nikasema haidhuru. Wifi yangu alikuwa anapepeta mchele pembeni.

"Ile ambayo mtoza ushuru anakuja na mbwa?" akauliza.

Nikamgeukia. "Unaijua?"

"Wifi, wewe ulikuwa unakuja na kuondoka. Mimi nilikuwa hapa nasonga ugali miaka yote hiyo. Hata usingizini naijua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Wewe ulikuwa unaulizia hicho kidubwana chako."

Nikatoa simu, nikaiweka juu ya goti. Wifi akakataa, akasema Kimwera chake kina Kimakonde ndani yake na watu watamcheka. Mama akamwambia kwa ukali asimulie, wageni wanasubiri. Basi akasimulia, ungo bado mkononi. Alimfanya mtoza ushuru kuwa mfupi na mwenye kikohozi, jambo ambalo Mama hakuwahi kufanya, na mbwa wake akampa jina la jirani yao ambalo hapa sitaliandika. Alipofika pale ngoma inapoanza kulia yenyewe kwa sababu njiwa wamechoka kukaa kimya, alinyamaza.

"Hapo pana wimbo," akasema. "Wimbo ndio sijui."

Na Mama, bila kutazama mlangoni wala kumtazama yeyote kati yetu, akauimba. Wote, beti zote, akipiga magoti yake kwa viganja. Kisha akamgeukia wifi yangu.

"Endelea. Na usiharakishe."

Wifi akaendelea. Mwishoni, bibi alipofungua ngoma na njiwa wakatoka, unasikia kwenye rekodi Mama akicheka, nami nikicheka, na mchele ukimwagika kidogo.

Niliporudi Nachingwea jioni hiyo, mume wangu alinikuta nimepiga magoti nyuma ya meza, bado nimevaa viatu vyenye matope ya Nkowe.

"Salama huko?"

"Subiri," nikamwambia. "Nimalize nakala ya tatu."